Mwisho Wake Si Unajulikana?

Sikumbuki vizuri ilikuwa mwezi gani. Mvua zilikuwa zimeanza, hilo nalikumbuka, kwa sababu mama alishuka kwenye teksi ya Jinja viatu vyake vizuri viko mkononi, akatembea na ndala kwenye matope, akavivaa mlangoni ili aingie sinema akiwa msafi. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani. Miaka yote ya kambi ya jeshi alitupa sisi watoto hela za kibanda cha filamu, yeye mwenyewe hakuingia hata siku moja. Kibanda kilikuwa cha wanaume na vijana, na yeye alikuwa na sufuria jikoni.

Jumba lenyewe sitalitaja. Liko Kampala, inatosha. Filamu nayo sitaitaja, ila kwa sababu nyingine: sijaimaliza, na filamu nisiyoimaliza siihukumu. Ilimhusu mtoto aliyepotezana na baba yake akaanza kumtafuta. Kiingereza chake kilikuwa cha kasi, na Kiingereza cha mama ni cha salamu na bei za sokoni, basi nikawa namnong'oneza kwa Kiswahili sikioni. Watu walikuwa wachache, hakuna aliyekereka. Nikawa VJ wake.

Msiojua Uganda niwaeleze kidogo. Wakenya wana DJ Afro, Watanzania wanamkumbuka Lufufu, na sisi tuna VJ: mtu anayeizungumza filamu kwa Kiganda tangu mwanzo hadi mwisho, anatafsiri, anachochea, anamkemea adui, anamwita steringi, shujaa wa filamu, kwa jina la mtaani. VJ Jingo na VJ Junior wamelea nusu ya nchi hii. Kambini kwetu Kiganda hakikutosha. Mama Mlugbara, jirani wa kulia Muacholi, wa kushoto Muiteso, na amri zote za jeshi kwa Kiswahili. Kwa hiyo kwetu kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa koplo, aliyesimama kando ya televisheni na kuitafsiri tafsiri yenyewe, Kiganda kikigeuka Kiswahili. Yule ndiye aliyenifanya nipende filamu. Nilipomnong'oneza mama nilisikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu.

Sasa. Mtoto yuko ukingoni mwa maji. Ng'ambo kuna mtu amesimama, amempa mgongo. Mama amenishika mkono kwa nguvu. Umeme ukakatika.

Umeme kukatika si kosa la mtu, na silalamikii hilo. Jenereta iliwaka baada ya dakika chache, taa za ukutani zikarudi, mashine ya bisi huko nje ikaanza tena kunguruma. Picha haikurudi. Akaja mhudumu na tochi, akatumulika usoni, mama pia, akasema tutoke kwa kuwa filamu inayofuata ina saa yake. Nikaomba meneja. Nilimwomba moja kati ya mawili: aturudishie hela, au atuonyeshe dakika 15 zilizobaki, hata usiku, tungengoja. Hakuniangalia. Alimwangalia mama, mwanamke wa umri wa kumzaa, akatabasamu, akasema, "Mama, mmeona karibu yote. Mwisho wake si unajulikana?"

Angesema hawana hela ningeelewa. Angesema mashine imeharibika ningempa pole. Lakini mtu anayeuza sinema, mshahara wake unatoka kwenye sinema, anasema mwisho unajulikana!

Nani asiyejua kwamba steringi hafi? Tulilijua hilo tukiwa na miaka sita, tumebanana kwenye benchi za mbao, na bado tuliipa filamu ya kareti saa mbili za jua la Jinja chini ya mabati. Mama anapenda filamu za Kihindi kuliko kitu chochote, anaziangalia nyumbani kwa dada yangu, na tangu wimbo wa kwanza anajua nani atamwoa nani. Hajawahi kuondoka kabla ya harusi. Mimi za mapenzi huwa zinanichosha katikati, pale wanapogombana kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza, lakini dakika za mwisho sizikosi. Za kutisha ndizo peke yake ningeweza kumpa meneja nusu ya haki, maana nyingi zinaharibika pale jini anapoonyeshwa wazi. Ningezima nyingi kabla ya hapo. Lakini ningezima mimi, si yeye.

Chukua Queen of Katwe ya 2016. Uganda nzima ilimjua Phiona Mutesi kabla ya kamera kufika mtaani kwake Katwe. Tulijua kwamba msichana yule wa kuuza mahindi angeshinda kwenye sataranji. Lupita Nyong'o ananiliza kila ninapoiona kwa namna anavyomwigiza mama yake Phiona, hasira yake ya kuogopa kwamba mtoto ataota ndoto kubwa kuliko uwezo wa nyumba. Lakini kilichonivunja kiko mwishoni kabisa, hadithi ikiwa imekwisha: waigizaji wanasimama mmoja mmoja pamoja na watu wenyewe wa kweli waliowaigiza. Aliyetoka mapema kuwahi boda boda hakukiona hicho.

Au The Last King of Scotland. Kila mtu hapa anajua Amin aliangushwa 1979, mama alikuwepo. Forest Whitaker alipewa Oscar na alistahili, kuna mahali anacheka nikahisi baridi mgongoni. Yule daktari Mskoti wa kubuniwa ndiye anayenikera, kwa nini habari zetu tuzione kupitia macho ya mtu ambaye hakuwepo? Nikaapa sitaiangalia tena. Nimeiangalia mara tatu, na kila inapofika Entebbe roho iko juu.

Na ile ya mwongozaji Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, Who Killed Captain Alex?, ya 2010, iliyotengenezwa kwa helikopta za kompyuta na bunduki za vyuma chakavu. Inauliza swali kwenye jina lake na haijibu. Aliyemuua Alex hatumjui mpaka leo. Naipenda kwa moyo wote, na pale pia niliingoja hadi picha ya mwisho, kwa sababu huwezi kujua kwamba jibu halipo mpaka ufike mahali ambapo lingekuwepo.

Ndiyo niliyotaka kumwambia meneja. Sikuweza. Nilisema tu, "Huyu ni mama yangu," nikatoka naye.

Kwenye teksi hakusema kitu. Tulipofika Namawojjolo, wauzaji wa njiani wakakimbilia madirisha na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, vitu anavyovipenda, akatikisa kichwa. Tulipoingia msitu wa Mabira ndipo akauliza, taratibu, "Yule aliyesimama ng'ambo, alikuwa baba yake?"

Sikuwa na la kumjibu. Baba alitoka kambini siku moja na gari la jeshi na hakurudi, na mama hakuonyeshwa kaburi. Kama ningejua filamu ile inakwenda wapi nisingempeleka. Au ningempeleka tu. Bado sijui.

Sasa haki isemwe. Viti vya jumba lile ni vizuri, na sauti yake hakuna nyumba wala kibanda kitakachoifikia. Mvua ilipoanza kunyesha kwenye filamu mama aliinua uso kuangalia dari. Nilisema sitakanyaga tena. Nimerudi, mara moja, peke yangu, siku ya kazi mchana. Filamu ilianza ikaisha salama, niliketi hadi majina yote yakapita, na nilikuwa na furaha, nikaona kama nimemsaliti mama. Kwa hiyo wewe nenda, kapeleke wanao, utafurahi. Mimi mama simpeleki tena pale mpaka yule bwana amwombe radhi, na amwombe kwa lugha anayoielewa.

Kibandani kwetu umeme ulikatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwenye kibanda, mzee mkali aliyetuchapa tukichungulia bila kulipa, alikuwa anavuta kamba ya jenereta huku anatukana, kisha anairudisha kanda nyuma kidogo ili tushike tena pale tulipoachia. Hatukuwahi kumwomba. Kiingilio kilikuwa hela ya andazi.

Filamu ile haionyeshwi tena sinema. Kijana wa duka la filamu hapa mtaani ameniwekea kwenye flashi, tena yenye VJ. Aliponikabidhi akaanza kunieleza inavyoisha, nikamshika mdomo kwa kiganja changu. Kwenye simu nilimwambia mama ninayo, nikamuuliza kama nimtangulizie niitazame nijue, nisije nikamtonesha. Akakataa. "Usiniangalizie, mwanangu. Nataka kuona mwenyewe."

Flashi iko kabatini, sijaichomeka. Mama anafika Jumamosi, na nimeazima jenereta ya jirani.