Refraktomita ya chumvi kwenye delta ya Rufiji: kwa kaa naam, kwa mpunga ngoja kwanza

Mimi si mtaalamu wa maji. Nina vizimba vya kunenepeshea kaa kwenye kijito kimoja cha delta, upande wa Kibiti, na juu kidogo tuna shamba la mpunga la familia. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, ubishi haukauki barazani. Huyu anaapa chumvi imepanda mtoni, yule anasema ni kiangazi tu, chumvi ilikuwepo tangu enzi za babu zetu. Nikachoka, nikataka namba. Januari 2024 nikanunua refraktomita ya mkono, kifaa cha kuchungulia kinachoonyesha chumvi iliyomo majini.

Ya kwanza nilipigwa. Muuzaji wa Dar aliniambia, "Hii hii ndiyo ya chumvi, kaka." Nikalipa, ikaletwa kwa basi. Kuchungulia ndani, naona imeandikwa Brix. Hiyo ni ya kupimia sukari, ya watu wa miwa na matunda! Akanibadilishia, lakini baada ya wiki mbili za kupigiana simu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akutumie picha ya kinachoonekana ndani. Ya chumvi ina ngazi mbili: moja ya sehemu kwa elfu (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji), kwa kawaida 0 hadi 100, na nyingine ya uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi, inayoanzia 1.000.

Kuitumia hakuhitaji shule. Unadondosha matone mawili matatu kwenye kioo, unafunika bila kuacha kiputo, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Juu buluu, chini nyeupe; zinapokutana ndipo unaposoma. Haili betri. Sifuri yake naiweka kwa maji ya betri kutoka duka la vipuri (sisitiza unataka maji yaliyosafishwa, usije ukauziwa asidi). Nilipovuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia nilichota maji katikati ya safari nikapima: 35, ambayo ndiyo chumvi ya kawaida ya bahari. Hapo nikaanza kuiamini.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Miezi miwili mizima nilipima maji ya juu tu, nikajidanganya. Maji ya bahari ni mazito, yanaingia kwa chini huku maji ya mto yakielea juu yake, hasa siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu na mkondo unapokuwa mlegevu. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, yanavurugana zaidi. Siku hizi natumia chupa ya soda niliyoifungia jiwe, na kizibo chenye kamba yake. Naizamisha mpaka vizimba vilipo, navuta kizibo, nasikia viputo vikipanda, naipandisha. Siku moja juu nilisoma 4, chini 19. Kaa wangu wanakaa chini, sasa ile 4 ilikuwa inanisaidia nini?

Kwa kaa, kifaa hiki kimeshajilipa. Kaa wa matope ni mvumilivu, chumvi nyingi kidogo au pungufu kidogo hamsumbui sana. Kinachomuumiza ni badiliko la ghafla. Yalipokuja mafuriko ya Aprili 2024, kipimo cha chini kilishuka kutoka 17 hadi 6 ndani ya siku mbili. Sikungoja. Nikavisogeza vizimba karibu na mdomo wa mto, na waliokuwa wameshajaa nikawauza siku hiyo hiyo. Baada ya hapo, kule vilipokuwa mwanzo, mstari ulikaa kwenye sifuri hata maji yakijaa.

Kwenye mpunga ndipo ilipoaibika. Kiangazi kilichofuata nilienda na mzee mmoja jirani kwenye mfereji tunaonyweshea kitalu. Nikapima, nikaona kama sifuri, labda moja, inategemea umeshikaje. Nikamwambia, "Mzee, haya ni matamu." Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Mwanangu, haya yana chumvi. Usiyafungulie."

Niliazima peni ya EC, ile inayopima maji yanavyopitisha umeme. Ikasoma 3.1, kwa kipimo cha milisimensi kwa sentimita. Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita kama 3 kwa kipimo hicho, na miche ndiyo dhaifu zaidi. Ukigeuza 3 hiyo kuwa sehemu kwa elfu haifiki hata 2, na refraktomita yangu ina mstari mmoja kwa kila moja. Yaani pale mkulima anapohitaji jibu, yenyewe inakodoa macho tu. Ulimi wa mzee uliishinda.

Basi nikanunua na peni. Nayo ina lake: kwenye maji ya vizimba inagoma, inaandika yamezidi kiwango. Na lazima uirekebishe kwa maji maalumu ya 1413 (mikrosimensi, yaani 1.413 kwa kipimo cha juu), la sivyo inaanza kukutungia hadithi. Mwenye shamba tu aanze na peni, mwenye kaa au kamba aanze na refraktomita.

Halafu msije mkadhani mkishajua chumvi mmeshajua afya ya kijito. Hewa iliyomo majini vifaa hivi havioni, wala sumu za mashambani. Bado naangalia mikoko: aina ya msikundazi inapenda maji ya mto, ukiona inakauka upande wa juu, kuna jambo. Mchu, mkoko mwingine, hutoa chumvi kupitia majani, lamba utaona. Tondo, wale konokono wa mikokoni, wakipungua matopeni nakiandika hicho nacho, daftari lile lile.

Kasoro iliyobaki ya refraktomita ni unyevu. Iliwahi kuniangukia mtumbwini, kioo kikaingia ukungu wiki nzima. Sasa naihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu, na mke wangu keshauliza mara mbili mchele wake unakwenda wapi.