Uzoefu wangu na chujio la mkaa amilifu kwa kisima kilichoingiwa na dawa ya magugu

Nimelitumia chujio hili la mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu uwe na vitundu vidogo vingi vya kunasa kemikali, kwa miezi 14 nyumbani kwangu Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, na nimesubiri kuandika hadi nilipopima maji mara tatu, kwa kuwa maneno ya muuzaji peke yake yasingenitosha kulisifu wala kulilaumu.

Kisima chetu cha kalavati kina urefu wa mita 9 na kinapakana na shamba la mahindi la jirani. Msimu mmoja wa kupanda nilimkuta mzee huyo akisuuza bomba lake la kupulizia dawa hatua chache kutoka kwenye mfuniko wetu, na maji meupe kama tui yalikuwa yakitiririka kuelekea kwenye ufa wa sakafu ya saruji. Nilipomwuliza alinijibu kwa upole, "Mwanangu, hii ni dawa ya majani, haimdhuru mtu." Chupa aliyoitupa pale iliandikwa atrazini, dawa ambayo haishikwi sana na udongo, hasa wa kichanga kama wetu, kwa hiyo mvua huishusha hadi kwenye maji ya ardhini.

Maabara walinipa chupa za kioo cha kahawia na kunionya nisitumie za plastiki, kisha wakaniagiza nizirudishe zikiwa za baridi. Siku hiyohiyo nilipitia Mwaloni, Kirumba, nikanunua barafu, na sampuli zikasafiri ndani ya deli la samaki la shemeji yangu, ambalo nililisugua hadi mikono ikaniuma.

Majibu yalikuwa mikrogramu 4 (mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za atrazini katika kila lita. Hapo nyumbani tulibishana, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hadi mikrogramu 100, ilhali Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2004 uliamua kutoendelea kuiruhusu dawa hiyo, hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.1 kwa kiuatilifu chochote, yaani dawa ya kuua magugu au wadudu waharibifu, katika maji ya kunywa. Mume wangu alishika ule wa kwanza. Mimi niliwaza kwamba mzee akibadilisha dawa msimu ujao sitajua, na watoto wanakunywa maji hayo kila siku. Kuchemsha hakungetusaidia, kwa sababu moto huua vijidudu lakini atrazini hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo havikuwekwa kwa kazi hiyo.

Chujio lenyewe ni gamba la plastiki lenye mkaa amilifu ndani. Siku ya kwanza lilitoa maji meusi kama ya kuoshea sufuria ya kuni, na ilinibidi nimwage ndoo sita ndipo yakatakata. Ndoo ya lita 20 huchukua dakika 15 kujaa, jambo ambalo mwanzoni lilinikera, lakini fundi alinieleza kwamba maji yakipita mbio mkaa haupati nafasi ya kuinasa dawa. Baada ya mwezi mmoja nilipima tena, na maabara hawakuona atrazini yoyote.

Malalamiko yangu ni mawili. Karatasi ya muuzaji inadai kwamba chujio huua vijidudu vyote, na hilo si kweli: mkaa hauui vijidudu, na wengine huweza hata kuzaliana humo, kwa hiyo sisi huchuja kwanza kisha tunachemsha. Pili, aliniahidi kwamba mkaa ungedumu mwaka mzima, lakini kipimo nilichofanya baada ya miezi minane kilionyesha mikrogramu 1.5, ingawa maji yalikuwa na ladha ileile na mng'ao uleule, wala hakuna alama yoyote iliyotuonya. Kosa lingine lilikuwa letu, maana tuliliunga kwenye tenki, likawa linachuja hata maji ya kufulia. Sasa limebaki kwenye bomba la jikoni tu, na tunabadilisha mkaa kila miezi sita.

Chujio hili ninalipatia alama 3 kati ya 5. Mzee siku hizi husuuza bomba lake katikati ya shamba, na ufa tumeuziba. Kuhusu mkaa uliokwisha kutumika, muuzaji alinishauri niumwage kwenye bustani ya maua, ambayo iko mita nne kutoka kisimani. Nimeufunga kwenye kiroba, uko stoo, na kila ninapompigia simu kuuliza niupeleke wapi ananiambia yuko safarini.