PayPal hadi M-Pesa: inamfaa mtengeneza tovuti wa Malindi?

Kwa anayejenga tovuti za nyumba za wageni na mwenye jengo yuko Italia, huduma hii ya kuhamisha pesa kutoka PayPal (akaunti ya mtandaoni ya kupokea malipo) hadi M-Pesa ndiyo njia ya mkato ya kupata hela bila kupanga foleni benki. Unaunganisha akaunti ya PayPal na laini yako ya M-Pesa mara moja, unaandika kiasi, unathibitisha, basi.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Kitambulisho kikisema Athman na PayPal ikasema Athuman, kuunganisha kunagoma. Sahihisha PayPal kwanza, herufi kwa herufi.

Utamu unapungua kwenye kubadilisha fedha. Mteja akilipa euro, pesa inapita dola ndipo iwe shilingi, na kila daraja lina mkato wake. Kiwango cha kubadilishia cha huduma hii huwa chini ya cha soko, kwa hiyo tazama shilingi utakazopokea kabla ya kubonyeza. Andika ankara kwa dola, na usikubali malipo ya vipande vipande: PayPal hukata asilimia pamoja na ada isiyobadilika kwa kila malipo, na vijisenti ndivyo vinavyoumia.

M-Pesa nayo ina kuta zake: shilingi 250,000 kwa muamala, na salio lisizidi 500,000. Kama tayari una 450,000, nafasi iliyobaki ni 50,000 tu.

Jambo jingine: mteja ana siku 180 za kufungua malalamiko PayPal. Hifadhi barua pepe aliyokubali kazi. Nyota tatu na nusu.