Uzoefu wangu: resoneta ya shingo mraba na ya shingo mviringo kwa wapigaji wa chuma

Nimetumia aina zote mbili za resoneta, yaani gita linalokuza sauti kwa bati jembamba la aluminiamu lililo ndani, hapa Mombasa, na hukumu naitoa mapema. Anayetaka kulaza gita mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi anunue shingo mraba. Shingo mviringo kwa kazi hiyo ni kujitesa.

Tofauti kubwa si umbo la mti, ni kimo cha nyuzi. Kwenye shingo mraba nyuzi zimeinuliwa karibu milimita 9 kutoka kwenye kibao, huwezi kuzibonyeza kwa kidole hata ukitaka. Chuma cha gramu 200 hivi kinakaa juu yake bila kugonga chochote, na freti, zile nyaya fupi zinazokata shingo, zinabaki alama za kuongoza macho tu. Kiweke juu ya waya wa freti wenyewe, si nyuma yake kama tulivyozoea kuweka kidole. Ukirudi nyuma milimita 3 tu, noti imeshuka na sikio limekushtaki.

Chuma hichohicho ukikiweka kwenye shingo mviringo, ambako nyuzi ziko milimita 2 au 3 tu juu ya freti ya 12, uzi unalala kwenye freti na unasikia kra! Ndiyo maana huko hutumika mrija mwepesi wa glasi au shaba kwenye kidole cha mwisho, vingine vikibaki huru kubonyeza kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja). Kwa mtindo huo ni gita zuri sana, wala silidharau.

Kuna kipande cha kuvisha kule kichwani kinachoinua nyuzi ili shingo mviringo ipigwe mapajani. Kinafaa kujaribia, ila angalia unavyotuni. Wapigaji wa mapajani hutuni GBDGBD (herufi ni majina ya noti), kuanzia uzi mnene. Maana yake uzi wa 6, ule mnene kuliko zote, unapanda kutoka E ya tuni ya kawaida hadi G, na wa 5 kutoka A hadi B. Shingo mraba ni nene, inastahimili mvuto huo hata kwa nyuzi nzito za inchi 0.016 hadi 0.056. Shingo mviringo hupinda kidogo kidogo, na ukija kugundua, imeshapinda. Kama ndilo gita ulilo nalo, tuni DGDGBD: nyuzi tatu zinalegezwa, hakuna inayokazwa.

Wapigaji wetu wa taarabu watapenda jambo moja: chuma kinafika kwenye noti zilizo kati ya freti, zile ambazo udi na fidla huzipata na gita la kawaida haliwezi kirahisi.

Kinachosumbua magita yote mawili ni koni, ule mfuniko mwembamba wa aluminiamu ndani unaokuza sauti. Imeshikwa mahali pake na mgandamizo wa nyuzi, kwa hiyo badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote pamoja, inahama. Gita likianza kutoa mlio wa mtetemo, kaza kwanza kwa mkono skrubu za kifuniko cha nje kinachoifunika koni. Bado linatoa mlio huo? Legeza nyuzi, fungua, na kama lina spaida (fremu ya chuma yenye miguu kama buibui, inayokaa juu ya koni), hakikisha miguu yake yote inagusa ukingo wa koni. Skrubu ya katikati ya spaida ikaze mpaka iguse, kisha kidogo tu. Ukizidisha, koni inabanwa na sauti inakufa.

Kwa chumvi ya hewa yetu, bodi (tumbo la gita) la chuma lisilofutwa linaota madoa ya kutu, hata likiwa na nikeli. Mimi nachagua bodi la plaiwudi, halivimbi kama mbao nzima msimu wa mvua. Nyuzi zifute kila ukimaliza kupiga, na upitishe kitambaa chini yake pia, huko ndiko jasho linakojificha.

Dukani, kabla hujatoa pesa, omba chuma, kiweke freti ya 12 na ukiburute polepole hadi kichwani ukipiga uzi mmoja mmoja. Ukisikia mkwaruzo popote, mwambie muuzaji arekebishe kimo cha nyuzi kwanza.