Minara miwili ya taa: Split Rock na Spectacle Reef

Kwa sura, Split Rock inashinda. Imekaa juu ya jabali la takriban mita 40 kando ya Ziwa Superior, Minnesota, Marekani, na ndiyo maana mnara wenyewe ni mfupi, kama mita 16 tu: jabali limeshafanya kazi ya urefu. Ulijengwa baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi, ukawashwa mwaka 1910. Barabara haikuwapo, kwa hiyo kila tofali lililetwa kwa maji, likapandishwa kwa winchi ya mvuke. Lenzi yake, iliyotengenezwa Paris, inaelea juu ya zebaki, hivyo ilipokuwa kazini ilizunguka kwa wepesi na kumulika kila baada ya sekunde 10.

Lakini ukiniuliza kuhusu ujenzi, mimi niko na Spectacle Reef, Ziwa Huron. Hapo hakuna jabali wala ufuko. Ni mwamba uliozama, zaidi ya kilomita 15 kutoka nchi kavu. Kuanzia 1870 mafundi walizamisha boma la mbao, wakayapampu maji ya ndani hadi mwamba ukabaki mkavu, kisha wakapanga mawe ya chokaa yaliyochongwa yashikane na kufungwa kwa vyuma. Sehemu ya chini haina uwazi, ni jiwe tupu. Walinzi waliporudi majira ya kuchipua 1874, barafu ilikuwa imerundikana hadi kuufunika mlango. Ikabidi waichimbe ndipo waingie. Mnara haukutikisika.

Split Rock ilizimwa 1969, na leo wageni huitembelea. Spectacle Reef, nani atafika huko?