TAHADHARI: Fundi wa "jiko la Kirusi" anazunguka Njombe, msimpe advansi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za baridi. Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Mwaka huu tuliamua kuachana na kuotea jiko la mkaa sebuleni. Mwezi wa sita na wa saba mnaujua wenyewe, madirisha yanafungwa tangu saa kumi na moja jioni, na mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua. Nikaunganishwa na fundi mmoja kupitia kundi la WhatsApp. Ana maneno matamu huyo! Akanieleza jinsi Warusi na Wafini wanavyojenga jiko kubwa la tofali ndani ya nyumba: unachoma kuni kavu kwa moto mkali saa moja au mbili, moshi unazungushwa kwenye njia za tofali kabla ya kutoka, tofali zinakunywa joto na kulitoa polepole usiku kucha. Hayo ni kweli kabisa, ndiyo maana niliingia mkenge.

Bei milioni 3, advansi milioni 2. Matofali yakaja, rangi ya maziwa, akasema ya kiwandani, hata tanuru haliyayeyushi. Siku tatu jiko likasimama. Siku ya nne akatuambia tujaze kuni.

Lilipasuka kuanzia mdomoni hadi juu, mlio kama mtu kavunja sahani. Kipande kikadondoka, mwanangu akakiokota: ndani chekundu! Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta tofali jingine, rangi yote ikabaki kwenye kitambaa. Ni tofali zetu hizihizi za kuchoma, kazipaka chokaa na udongo mweupe. Na kajengea saruji mpaka ndani penye moto, wakati saruji ikipata moto mkali inaachia. Pale panatakiwa udongo wa kuhimili moto. Jiko lenyewe kalikalisha juu ya jamvi la nyumba, yaani zege la sakafu, bila msingi wake, mzigo usiopungua tani moja. Halafu jiko jipya halijazwi kuni siku ya nne. Linakaushwa wiki kadhaa, na moto wa mwanzo ni mdogomdogo.

Hela inauma, lakini kilichonitisha ni bati la kufungia dohani. Alituagiza tulibane kabisa mara tu ndimi za moto zikizima, "joto lisikimbie." Usiku huo mama mkwe aliamka kichwa kinamgonga, anatapika. Makaa yalikuwa bado mekundu, na gesi yake ya sumu haina harufu. Tukafungua milango tukakaa nje na mablanketi hadi alfajiri. Bati halifungwi mpaka makaa yawe majivu matupu, na hata hapo lazima libaki na tundu.

Simu yake sasa haipatikani. RB ninayo, jina nawaachia polisi. Ila picha zake mtazitambua: jiko lenye vigae vya bluu, anadai alilijenga hapahapa mkoani. Tazameni dirisha lililo nyuma yake. Mimi nililiona nimeshalipa. Nje kuna theluji imefunika gari! Baridi tunayo, jamani, lakini si ya hivyo. Jirani kaniambia picha hizohizo zimeshafika Makete.

Ukitaka jiko la namna hii, nunua matofali mwenyewe, na uvunje moja mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Mwambie fundi akupeleke kwenye jiko alilojenga lililokwisha kupita baridi nzima, uliguse kwa mkono wako, uongee na mwenye nyumba bila yeye kusimama pembeni. Lipa kwa hatua: msingi, ukuta wa ndani, wa nje, dohani. Uliza pia ukuta wa ndani na wa nje vimeachiwa nafasi kiasi gani, maana wa ndani hutanuka ukipata moto. Wangu aliniuliza, "Nafasi ya nini?" Nikacheka tu, nikamwongezea soda.

Ile nusu tofali ipo kaunta pale dukani kwangu. Anayetaka kuona apite, kitambaa kibichi kipo.