Fort Kochi kwa bajaji: mwombe dereva akupeleke Mangattumukku

Wengi huuliza kama inafaa kuzunguka kwa bajaji Fort Kochi na Mattancherry, mitaa ya kale ya mji wa Kochi, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Jibu kwanza, maana wengi wanaouliza wako India na mgonjwa, wamechoka kutazama kuta za hospitali, na wana siku moja tu ya kupumua. Ndiyo, zungukeni Fort Kochi na Mattancherry kwa bajaji. Kwa pesa tuliyolipa, hakuna kitu kingine Kerala kilichotupa mengi kiasi hicho. Ila ubora wote uko kwa dereva, na kuna kituo kimoja, Mangattumukku, ambacho madereva wengi hawakitaji mpaka uwaombe. Hicho hasa ndicho kilichonifanya niandike.

Nilikuwa na mama mdogo. Alikuwa amemaliza matibabu upande wa Ernakulam, sehemu ya bara ya mji, na daktari alimruhusu kutoka kwa sharti asitembee mwendo mrefu. Tulivuka kwa boti. Feri za zamani bado zipo na nauli yake ni ndogo sana, lakini tangu 2024 zinavuka pia boti za umeme za Water Metro, zina kiyoyozi, na gati lake linaelea sawa na sakafu ya boti, kwa hiyo mgonjwa anaingia bila kuinua mguu juu. Tulipofika ng'ambo madereva walikuwa wamejipanga na mashati yao ya kaki, kila mmoja ameshika kadi iliyofunikwa plastiki, imejaa picha za vituo: nyavu za Kichina, makanisa, kasri, sinagogi, dobi, viungo. Ukiangalia kadi tano utaona picha zilezile.

Sasa habari ya bei. Bajaji ya kawaida Kerala ina mita, na nauli ya kuanzia iliyowekwa na serikali mwaka 2022 ni rupia 30 kwa kilomita moja na nusu. Ziara haiendi kwa mita, mnapatana. Dereva wa kwanza alitutajia rupia 100 kwa saa nzima. Mama mdogo ameuza vitenge Tanga miaka mingi, akamwuliza papo hapo: "Na hiyo iliyobaki nani anakulipa?" Jamaa akacheka tu, hakujibu. Anayelipa ni maduka. Kuna maduka makubwa ya mazulia, shali na vinyago ambayo humpa dereva pesa au mafuta kwa kila mtalii anayemwingiza mlangoni, hata asiponunua kitu. Ndiyo maana ziara ya bei ya bure hukugeuza mateka: unakaa muda mrefu unafunuliwa mazulia, na kaburi la Vasco da Gama unalipita mbio.

Tuliyemchukua alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, bajaji yake nyeusi yenye paa la njano imefutwa inang'aa. Tukamwita Chetta, kama wenyeji wanavyomwita kaka mkubwa. Naye akamwita mama mdogo Amma, yaani mama, tangu mwanzo hadi mwisho. Alitupa bei mbili waziwazi: rupia 900 kwa nusu siku bila duka hata moja, au 500 tukikubali kuingia maduka mawili dakika kumi kumi ili apate mafuta yake. Naona hakuna njia ya haki kuliko hiyo. Tukachagua 900, ambayo ni kama shilingi 27,000 za Tanzania. Dereva yeyote asiyetaka kulizungumzia suala la maduka kabla hamjapanda, mwache.

Tulianzia ufukweni kwenye zile nyavu. Picha hazikuandai. Ni mitambo mikubwa ya nguzo za mbao, wavu umening'inia mbele, na nyuma kuna mawe makubwa yaliyofungwa kwa kamba. Mtu mmoja akitembea juu ya boriti kuu, wavu unazama. Wenzake wakivuta kamba, mawe yanashuka na wavu unapanda. Inaaminika teknolojia hiyo ililetwa na Wachina zaidi ya miaka 500 iliyopita. Samaki tuliowaona wakitoka walikuwa wachache na wadogo. Wavuvi hukualika uvute kamba, kisha wanaomba chochote. Wapeni, kazi yao ni nzito na bahari yao imepungukiwa kama yetu.

Kutoka pale ni hatua chache hadi kanisa la St. Francis. Wareno walilianzisha mwaka 1503, na linahesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Wazungu nchini India. Ndani, kulia, kuna jiwe sakafuni lenye uzio: hapo alizikwa Vasco da Gama, aliyefia Kochi mkesha wa Krismasi mwaka 1524, kabla mifupa yake haijapelekwa Lisbon miaka kama 14 baadaye. Hapa Chetta alibaki nje na bajaji. Lijueni hilo mapema: hawa ni waongozaji wa barabarani, ndani ya majengo mtajisomea wenyewe vibao. Mimi na mama mdogo hatukuhitaji kibao. Huyu ndiye aliyetia nanga Malindi 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi pwani hii. Mwaka 1502 alirudi akamlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa ushuru wa dhahabu. Miaka mitatu baadaye Mreno mwenzake, Almeida, akaipora Kilwa, akaichoma Mombasa, kisha akaja kukaa hapahapa Kochi kama makamu wa mfalme wa Ureno. Nimesoma hayo shuleni kama mambo ya pwani yetu. Kusimama juu ya lile jiwe ndiko kulikonionyesha kwamba upande huu wa bahari nao una habari zilezile, na watu waliozibeba kwa uchungu uleule.

Kanisa la Santa Cruz tulilitazama kwa nje, makaburi ya Waholanzi vilevile. Mkiwa na mgonjwa, msione haya kupita. Uzuri wa bajaji ni kwamba mnasimama palipo na maana na kuondoka mtakapo.

Dhobi Khana msipapite. Ni ua la dobi la jamii ya Wavannar, ambao wazee wao waliletwa kutoka nchi ya Watamil kufua sare za askari wa wakoloni, na vizazi vyao vinafua hapo mpaka leo. Kuna vyumba vidogo vya wazi vya saruji, kila kimoja na birika lake na jiwe la kupigia nguo. Shuka nyeupe za hoteli zinaanikwa kwenye kamba mbili zilizosokotwa pamoja, ncha ya shuka inabanwa katikati ya msokoto, hakuna kibanio. Wanga wa nguo ni maji ya mchele. Ndani kuna akina mama na wazee wanapiga pasi za mkaa nzito kweli kweli. Mmoja alimpa mama mdogo aishike, akamrudishia haraka, wakacheka wote wawili bila kuwa na lugha moja. Hakuna kiingilio, lakini acheni kitu kidogo.

Chakula cha mchana Chetta alitupeleka mkahawa wa Kayees, Mattancherry, biriani ya mbuzi. Pamejaa, mnakaa meza moja na wageni, na mnakula haraka maana kuna watu wamesimama nyuma yenu. Kwa Mswahili wa pwani hapo hapahitaji maelezo. Nitasema tu kwamba wali haukuzama kwenye mafuta na mama mdogo, ambaye hospitali ilimwondolea hamu ya kula, alimaliza sahani.

Kasri la Mattancherry lilijengwa na Wareno katikati ya karne ya 16 kwa ajili ya mfalme wa Kochi, na Waholanzi wakalikarabati karne iliyofuata, ndiyo maana wengi huliita la Kiholanzi. Kwa nje ni jengo la kawaida. Ingieni kwa ajili ya kuta za chumba cha kulala cha mfalme, zilizochorwa Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu, kwa rangi nyekundu, njano na kijani, watu wamesongamana hadi hakuna nafasi tupu ukutani. Kiingilio ni kidogo mno. Ngazi zipo, na mama mdogo alizipanda kwa kupumzika. Sinagogi la Paradesi, la mwaka 1568, liko karibu sana: mnavua viatu na kukanyaga vigae vya Kichina vya buluu na nyeupe vilivyochorwa kwa mkono, juu taa za vioo za Ulaya zinaning'inia. Wayahudi wa mtaa huo karibu wote walihamia Israeli baada ya 1948, na maduka yao ya zamani sasa yanauza vitu vya kale na viungo.

Viungo vyenyewe nunueni mtaa wa Bazaar, kwenye maghala ya jumla. Bei huko ni za wafanyabiashara, na mnaona tangawizi iliyotandazwa uani ikikauka, imepakwa chokaa ikawa nyeupe. Pilipili manga ya Kerala ndiyo iliyowaleta Wareno mpaka hapa, na bado ni kali kuliko yoyote niliyoonja. Karafuu msinunue. India yenyewe huagiza karafuu kutoka nje, Zanzibar ikiwemo, kwa hiyo mtakuwa mnairudisha nyumbani kwa gharama.

Sasa Mangattumukku. Nilikuwa nimesikia kwamba Mattancherry kuna sehemu watu wanamwomba Mwafrika, nikamwuliza Chetta. Alinigeukia kabisa, mikono bado kwenye usukani, akataja jina: Kappiri Muthappan. Akasema alipokuwa mtoto mama yake alikuwa akiwasha mshumaa pale mtoto akiugua. Akaiacha njia ya kwenye kadi, tukapenya vichochoro ambavyo teksi isingepita, tukasimama kwenye ukuta.

Ni ukuta mdogo wenye kishimo cha kuwekea mshumaa. Hakuna mlango, tiketi, wala kibao cha utalii. Simulizi ya wenyeji ni hii: Wareno walikuwa na watumwa wa Kiafrika, wengi wakitoka pwani ya Msumbiji. Waholanzi walipoiteka Kochi mwaka 1663, Wareno waliokuwa wakikimbia walificha mali zao kwenye kuta na chini ya miti, wakawaua watumwa na kuwazika hapohapo ili roho zao zilinde hazina. Roho hizo ndizo watu wanazoziita Kappiri, na Muthappan ni babu. Haziogopwi. Wanasema babu huyo hukaa juu ya ukuta usiku akivuta sigara, na aliyepotea njia humwelekeza. Wanaokuja ni wa dini mbalimbali. Wanamletea mishumaa, sigara, samaki, mayai, na tembo la mnazi.

Mama mdogo aliposikia tembo la mnazi alishuka kwenye bajaji. Ni mtu wa sala, na mimi pia siombi kwenye kuta. Lakini alisimama pale akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kana kwamba anaongea na jirani: "Poleni sana, wazee wetu. Tumefika." Kisha akamwomba Mungu awarehemu. Chetta hakuelewa maneno lakini alivua kofia. Sina haja ya kuipamba habari hii. Watu waliotolewa bara letu kwa minyororo hawakuachiwa hata jina, na wenyeji maskini wa mtaa huu wamewawashia taa karne na karne, wakawaita babu. Nimeona majumba mengi ya kumbukumbu yenye tiketi ghali ambayo hayakuwatendea watumwa heshima hiyo.

Nilimwuliza Chetta kwa nini ukuta huu haumo kwenye kadi yake. Akasema watalii hawauulizi. Basi uulizeni, hasa nyinyi. Tukiuliza wengi, utaingia kwenye kadi zote.

Kasoro zipo. Kiti cha nyuma kiko chini na matuta ya barabarani yanaumiza mgongo wa mtu aliyepasuliwa, bebeni mto. Kiingereza cha Chetta kilitoka haraka na kwa lafudhi nzito, ikabidi tumwombe arudie. Saa nane mchana joto ndani ya bajaji ni kali, anzeni saa tatu asubuhi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni mvua, na pazia la turubai linakinga maji lakini linaziba macho.

Siku ya kwenda ni muhimu kuliko yote hayo. Ijumaa kasri limefungwa na sinagogi halipokei wageni, Jumamosi sinagogi limefungwa kwa Sabato. Jumapili maghala mengi ya viungo hayafunguliwi. Jumatatu hadi Alhamisi mtapata kila kitu. Bebeni rupia ndogo ndogo kwa viingilio na wavuvi, na malizieni malipo mkirudi gatini. Sisi tulimwongezea Chetta mia juu ya 900, akaikataa mara ya kwanza, mama mdogo akaiweka mwenyewe mfukoni mwa lile shati la kaki.